Ubao wa Mafinga Unapopinda

Ukipita Mafinga kwa barabara kuu ya kwenda Mbeya, utaona mbao zimerundikwa pande zote mbili: mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, moja kwa kumi, karibu zote za futi 12. Nyingi kati ya hizo zilikuwa mti uliosimama wiki chache tu zilizopita. Hupakiwa kwenye malori zikiwa na unyevu unaoshikika kwa kiganja, zikashushwa Makambako, Uyole, Dodoma au Dar es Salaam. Mwezi haujaisha, fundi aliyezinunua zikiwa zimenyooka anakuta ubao ukilazwa mezani unacheza, kona moja juu, nyingine chini. Hapo ndipo anapouliza: nitaunyooshaje, nami sina mashine?

Swali hilo lina haki yake. Mashine ya kunyooshea uso wa ubao, ile yenye meza mbili ndefu na visu vinavyozunguka katikati yake, ni ghali, ni nzito, inakula nafasi na inataka umeme usioyumba. Karakana nyingi za uani, iwe Mwanjelwa au Soweto jijini Mbeya, iwe Kihesa mjini Iringa, zina randa ya mkono, msumeno, patasi, pengine randa ya umeme ya kushika mkononi, basi. Na kazi zinazotoka humo ni vitanda, makabati, milango na meza za watu wanaolipa fedha yao halali na kutarajia mlango ufunge mwaka wa pili kama ulivyofunga siku ya kwanza.

Hata hivyo, nadhani tunaikazia macho mashine kuliko inavyostahili. Kukosa mashine ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa iko ndani ya mti wenyewe, katika haraka ya kuukata na kuuuza ukiwa mbichi, na katika namna fundi anavyougawa ubao kabla hajaishika randa. Mambo hayo yakikaa sawa, kazi ya kunyoosha inayobaki inafanyika kwa mkono, tena ndani ya muda unaovumilika. Yasipokaa sawa, hata mwenye mashine atatoa ubao ulionyooka Jumatatu na kupinda Ijumaa.

Tuanze na maji, maana ndiyo chanzo. Mti mbichi una maji ya namna mbili. Kuna yaliyojaa ndani ya matundu ya chembe zake, na kuna yaliyonywewa na kuta za chembe hizo. Yale ya kwanza yakitoka, ubao unapungua uzito tu, umbo halibadiliki. Maji yakishuka hadi kufikia asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, ndipo kuta zenyewe zinapoanza kukauka, na ubao unaanza kusinyaa. Ndiyo sababu mnunuzi hudanganyika gulioni. Ubao wenye asilimia 60 ya maji umenyooka kwa kuwa bado haujaanza safari. Safari yote, kutoka 30 kushuka hadi 12 hivi ambayo ndiyo hali ya ubao uliozoea ndani ya nyumba, utaifanyia mikononi mwako, na pengine ukiwa tayari umekwisha kuwa mlango.

Kusinyaa huko hakulingani pande zote. Kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji, mti husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka gome kuelekea kiini. Kwa urefu, mti uliokomaa husinyaa kidogo mno. Chukua ubao wa moja kwa nane, wenye upana wa sentimita 20, ambao pete zake zimelala sambamba na uso. Ukisinyaa kwa asilimia 4 tu, jambo la kawaida kabisa kwa paini, umekwisha kupoteza milimita 8 za upana. Na kwa kuwa uso uliokuwa upande wa gome husinyaa kuliko uso uliokuwa upande wa kiini, ubao hufanya bonde, na bonde hilo hukaa upande wa gome. Tazama kichwa cha ubao, soma pete zilivyokaa, utajua litatokea upande gani kabla halijatokea.

Bonde ni tatizo dogo. Msokoto ndio adui. Nyuzi za paini changa hazipandi wima. Zinalizunguka shina taratibu, hasa katika pete za miaka ya mwanzo zilizo karibu na kiini. Ubao uliopasuliwa humo una nyuzi zilizolala mshazari, na zikikauka zinauvuta ubao ujisokote. Kadiri ubao ulivyo karibu na kiini, ndivyo msokoto unavyokuwa mkali. Ongeza miti iliyokua imeinama kwenye miteremko ya Mufindi na Rungwe: chini ya mwinamo, msindano, yaani paini, hujenga tabaka gumu lenye wekundu wa kahawia, na tabaka hilo, tofauti na mti wa kawaida, husinyaa kwa urefu. Ubao wenye tabaka hilo upande mmoja utapinda tu, hata uukaushe kwa upole wa namna gani. Mlingoti (mkaratusi) nao una ugonjwa wake. Shina lake likiwa limesimama limebeba mvutano mkubwa, nje likivutwa na ndani likibanwa, na msumeno ukishapita, mvutano unafunguka na mbao zinapinda papo hapo, kabla hata tone moja la maji halijakauka.

Mambo haya yana historia, nayo inafaa kukumbukwa ili tusiwalaumu mafundi bure. Misindano tunayoipasua zaidi, Pinus patula, asili yake ni Mexico. Majaribio ya kupanda katika shamba la Sao Hill wilayani Mufindi yalianza mwaka 1939, lakini upanuzi mkubwa ulifanyika miaka ya 1970 na 1980, na sehemu kubwa ya upanuzi ule ililenga kukilisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Mti wa karatasi hauulizwi kama nyuzi zake zimenyooka. Leo Sao Hill, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, na Mbeya ina mashamba yake ya Kawetire na Kiwira. Pembeni ya mashamba hayo wameibuka wakulima binafsi wengi, Mufindi, Kilolo, Njombe na Rungwe, wenye ekari mbili, tano, kumi za misindano na milingoti.

Katika mashamba ya serikali, msindano huachwa ukomae kwa miaka mingi zaidi kabla ya kuvunwa kwa mbao. Mkulima mdogo hana subira hiyo, na sina ubavu wa kumlaumu. Ada ya shule inadaiwa, mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali, mnunuzi amefika na fedha taslimu mkononi. Anauza miti ya miaka 10, wakati mwingine hata chini ya hapo. Basi fikiria: pete kumi hivi za kwanza za msindano ndizo zenye mti mchanga, wenye nyuzi zinazozunguka na kusinyaa vibaya. Mti wa miaka 10 ni mti mchanga wote, kuanzia kiini hadi gome. Hakuna ubao mzuri uliofichwa ndani yake. Kisha unapasuliwa kwa dingdong, mashine nyepesi ya msumeno wa duara inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba, na ubao unatoka unene wa inchi moja upande huu na inchi moja na robo upande ule.

Mafundi waliotufundisha walijifunza kwa mti mwingine. Mninga wa misitu ya miombo, uliotoka Chunya na kwingineko, ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo sana. Ubao wa mninga ukikauka vizuri unakaa ulipowekwa kwa miaka. Mazoea mengi ya karakana zetu, kama kununua leo na kuunga kesho au kugundisha ubao mpana mmoja bila kuugawa, yalivumiliwa na mninga. Paini haiyavumilii. Mninga umeadimika na bei yake imepanda, mti umebadilika, lakini mkono bado unafanya kazi ileile, na hapo ndipo fedha nyingi za mafundi zinapotelea.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kukausha, na kukausha hakuhitaji tanuru. Msimu wa kiangazi wa Nyanda za Juu, kuanzia Juni hadi Oktoba, una hewa kavu na upepo wa kutosha. Paini ya inchi moja iliyopangwa vizuri chini ya paa inaweza kufika ukavu wa kutumika ndani ya mwezi mmoja na nusu hadi miezi mitatu, kutegemea mahali. Siri iko katika kupanga. Misingi ya chini iwe sawa kwa pima maji, maana rundo lililokaa kwenye misingi iliyopinda litazifundisha mbao zote kupinda vivyo hivyo. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene mmoja, inchi moja hivi, viachane kwa sentimita 45 hadi 60, na kila kijiti kikae wima juu ya mwenzake kutoka chini hadi juu. Vijiti vikipishana, uzito wa rundo unageuka kuwa nguvu ya kupinda. Vichwa vya mbao vipakwe rangi ya mafuta iliyobaki, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi vichwani na kupasua. Juu kabisa weka mzigo: tofali, mawe, zege chakavu. Tabaka za juu ndizo zinazopinda zaidi kwa sababu hazina kinachozikandamiza, na mzigo huo pekee huokoa mbao nyingi kuliko randa yoyote.

Utajuaje zimekauka? Kwa mizani. Kata kipande chembamba kutoka katikati ya ubao, si kichwani, kipime, kisha kikaushe kwa moto wa taratibu juu ya bati mpaka uzito wake ukome kushuka. Tuseme kilikuwa gramu 150, kikabaki 125. Maji yaliyotoka ni gramu 25; gawa kwa 125, unapata asilimia 20. Bado. Nafuu zaidi ni kuweka alama ubao mmoja wa katikati ya rundo na kuupima kila wiki. Wiki mbili mfululizo uzito usipobadilika, rundo limefika pale hewa ya mahali hapo inaporuhusu. Na mahali ni jambo la kuzingatia. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mara tatu hivi ya Iringa mjini. Meza iliyokaushwa na kuungwa Iringa ikihamia Tukuyu itanenepa, na ya Tukuyu ikiletwa Iringa itakonda. Fundi anayepokea oda ya mbali amuulize mteja anakaa wapi.

Sasa ubao umekauka, na umepinda kiasi, kama itakavyokuwa kwa paini hata ukiitunza. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteza mti bila sababu, kwa kuwa wanaanza kunyoosha kabla ya kukata. Ukubwa wa kasoro unategemea ukubwa wa kipande. Upinde wa urefu hupungua kwa mraba: ukigawa ubao mara mbili, upinde unabaki robo. Ubao wa futi 12 wenye upinde wa milimita 32, ambao ukiutazama unatamani kuugeuza kuni, ukikatwa vipande viwili vya futi 6 kila kimoja kina milimita 8. Ukikatwa vinne vya futi 3, kila kimoja kina milimita 2. Milimita 2 ni dakika chache za randa. Bonde nalo ni hivyohivyo kwa upana. Ubao wa sentimita 20 wenye bonde la milimita 6, ukichanwa katikati, unatoa mbao mbili zenye milimita moja na nusu kila moja. Msokoto ni mkaidi zaidi, hupungua kwa kulingana tu na urefu, nusu kwa nusu, lakini nao hupungua. Kwa hiyo pima kabati lako kwanza. Kata vipande vyenye ziada ya sentimita 2 au 3, chana palipo na kiini na ukitupe kiini chenyewe, ndipo uishike randa. Ukihitaji upana, utaunganisha baadaye kwa gundi.

Vipo pia vipande visivyohitaji kunyooshwa. Uso wa chini wa meza hakuna anayeuona. Rafu nyembamba yenye upinde kidogo itanyooshwa na misumari ya fremu. Msokoto tu ndio usiotii msumari: mlango uliosokota hauwezi kubanwa ukutani ukanyooka. Ubao wenye msokoto mkali, ambao tayari umeukata mfupi na bado unacheza, peleka kwenye vijiti vya kupangia rundo lijalo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Unahitaji meza iliyonyooka, kwa sababu meza iliyosokota itakupa ubao uliosokota na hutajua kwa nini. Unahitaji kabari nyembamba nyingi. Na unahitaji vijiti viwili pacha, ambavyo naviona ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote katika kazi hii, na havigharimu kitu. Chukua mbao mbili za mninga au mti mwingine uliotulia, urefu sentimita 60, kimo sentimita 4 au 5, ziwe na kimo kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho. Kimoja kipake rangi nyeupe kwenye ukingo wa juu. Weka kimoja kichwani mwa ubao, kingine mkiani, chuchumaa, fumba jicho moja, tazama kingo zao za juu zikikutana. Zikilingana, hakuna msokoto. Zikipishana, unaona ni kona ipi iko juu na kwa kiasi gani. Na kwa kuwa kijiti cha sentimita 60 kimelala juu ya ubao wa sentimita 20, kosa linaonekana mara tatu ya lilivyo. Milimita moja inakuwa tatu, na jicho haliwezi kukosa.

Laza ubao mezani, upande wenye bonde ukitazama juu. Ubonyeze kona mpaka kona tatu ziguse, upime ile ya nne imeinuka kiasi gani. Tuseme milimita 8. Fundi mwenye haraka ataukandamiza hivyo hivyo, kona tatu zikigusa, aanze kuranda. Matokeo yake ni kwamba uso wa juu utampotezea milimita 8 kwenye kona ile, na akigeuza, uso wa pili utampotezea tena. Ubao wa milimita 25 unaishia 17. Gawa nafasi hiyo badala yake: kona mbili zinazopingana ziguse meza, na hizo nyingine mbili kila moja itiwe kabari ya milimita 4. Sasa msokoto umegawanyika. Uso wa juu unahitaji milimita 4 tu kwenye kona zake mbili zilizo juu, na uso wa chini milimita 4 kwenye kona nyingine mbili. Ubao unabaki na milimita 21. Kabari mbili zimekuokolea milimita 4 za mti, yaani tofauti kati ya uso wa meza unaobeba sahani na unaobonyea.

Chora kwa penseli mistari ya mshazari juu ya uso mzima. Randa ya kwanza iwe na kisu kikali chenye upinde mdogo kwenye makali, na mdomo uwe wazi kidogo. Usifuate urefu wa ubao. Anza na kona mbili zilizo juu, ukivuka ubao mshazari, kutoka kona hadi kona, mpaka vijiti pacha vikubali. Ndipo uende upana kwa upana, ukiondoa kingo mbili za bonde. Kuvuka nyuzi hakutoi uso laini, lakini kunaondoa mti upesi bila kung'oa, na randa haiwezi kupanda na kushuka ikifuata upinde kama inavyofanya ukisukuma kwa urefu. Penseli itakuonyesha mabonde yaliyobaki. Mistari yote ikiisha, badili uende kwa urefu na randa ndefu iliyobanwa nyembamba, ukipima kila baada ya mikupuo kadhaa kwa kuinamisha randa yenyewe juu ya ukingo wa soli yake na kutazama mwanga unaopenya chini. Paini ina tabaka laini na tabaka gumu zinazofuatana. Kisu butu hulivuruga lile laini na kuliruka lile gumu. Kunoa kila baada ya ubao mmoja au miwili ni sehemu ya kazi.

Uso mmoja ukinyooka, mengine ni ufuasi. Ukingo mmoja uwe mraba kwa uso huo, chora unene ukizunguka pande zote nne, na uso wa pili urandwe mpaka mstari. Usichukue mti wote upande mmoja. Ndani ya ubao huwa na unyevu zaidi kuliko nje, na ukivua ngozi ya upande mmoja tu, ubao utafanya bonde usiku huohuo. Randa karibu na kipimo, usimamishe ubao upate hewa pande zote mbili kwa siku chache, kisha umalizie. Kuulaza ubao mezani usiku kucha baada ya kuuranda ni kuutia bonde kwa makusudi.

Wenye oda nyingi watauliza kuhusu mashine za kuranda unene zilizoko mjini, ambapo unapeleka mbao na kulipia. Nazitumia pia, lakini zinaeleweka vibaya. Mashine ile ina rola zinazoukandamiza ubao unapopita. Ubao uliopinda unanyooshwa kwa nguvu chini ya rola, unakatwa, unatoka na kurudia upinde wake. Fundi anapokea ubao laini, wenye unene sawa kila mahali, uliopinda vilevile. Lipo suluhisho rahisi: tengeneza kitanda cha ubao mnene wa plaiwudi, kirefu kama mbao zako, laza ubao juu yake, jaza nafasi zote zinazocheza kwa kabari zilizogundishwa, weka kizuizi mbele, upitishe vyote viwili pamoja. Uso wa juu utatoka umenyooka kweli, na ukiugeuza bila kitanda utapata wa pili. Kama mwenye mashine hana subira ya kitanda, nyoosha uso mmoja kwa randa ya mkono nyumbani, tena kwa kukaribia tu, bila kuulainisha, halafu peleka uso huo uwe chini. Hiyo kwangu ndiyo njia bora kwa karakana ndogo: mkono unatoa unyoofu, mashine inatoa unene.

Randa ya umeme ya mkononi huondoa mti haraka, lakini soli yake ni fupi na hufuata upinde. Itumie kushusha kona zilizo juu, kisha urudi kwenye randa ndefu. Ruta inayotembea juu ya reli mbili za sambamba hunyoosha hata kigogo kipana cha meza, ila ni ya polepole na vumbi lake linahitaji barakoa. Na ujanja wa kumwagia maji upande wa bonde na kuanika upande wa pili juani unafanya kazi pale tu ambapo bonde lilitokana na upande mmoja kukauka kuliko mwingine. Msokoto wa nyuzi hautoki kwa maji wala kwa jua.

Kingo za kuunganisha kwa gundi zina njia yake isiyohitaji mashine. Mbao mbili zitakazokutana zifungwe pamoja kama kitabu kilichofungwa, kingo zake juu, uzirande kwa pamoja. Randa ikiinama kidogo, ukingo mmoja unapata pembe pungufu na mwenzake pembe zidifu kwa kiasi kilekile. Ukizifungua, pembe hizo zinafidiana na maungio yanakaa bapa.

Jambo la mwisho ni ubunifu wa kazi yenyewe, na hapa pwani ina la kutufundisha. Mafundi wa milango ya Zanzibar na Lamu hawakuwa na mashine hizi, wala hawakutegemea ubao mpana ukae bapa kwa hiari yake. Mbao nene zilishikwa na mihimili ya nyuma, na mlango uligawanywa mbawa mbili zinazokutana kwenye mfaa, ule mhimili wa katikati. Katika mlango wa paneli wa leo kanuni ni hiyohiyo: paneli iwe huru ndani ya mfereji wa fremu, isitiwe gundi, iachiwe milimita kadhaa za kupanuka wakati wa masika. Juu ya meza, skrubu zinazoshika ubao kwenye fremu zipite katika matundu yaliyorefushwa kwa upana. Ubao utasinyaa na kunenepa kila mwaka upende usipende. Ukiunga kwa kuuzuia, utapasuka, na mteja atakurudia.

Kuna mengine yaliyo nje ya uwezo wa fundi mmoja. Mafunzo ya kupanga na kukausha mbao yapo, kwenye Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi, na mradi wa Panda Miti Kibiashara ulioanza mwaka 2014 kwa msaada wa Finland uliyafikisha hadi Mafinga. Kinachokosekana ni bei. Leo ubao mbichi na ubao uliokaa miezi miwili kwenye rundo lililopangwa huuzwa karibu sawa, kwa hiyo muuzaji hana sababu ya kusubiri. Wafanyabiashara wa Mafinga, Makambako na Uyole wangeweza kubadilisha hilo wenyewe bila kungoja serikali: tengeni rundo la mbao kavu chini ya bati, liandikeni mwezi zilipopasuliwa, mtoze zaidi. Mafundi watalipa, kwa sababu tayari wanalipa kwa mbao wanazotupa.

Na wewe fundi, mvua zikikatika mwezi Mei, nunua mbao za kazi zako za mwisho wa mwaka. Chagua zisizo na kiini, zipange juu ya vijiti chini ya paa, weka mawe juu, na usiziguse mpaka Septemba.